Barafu Leo, Maji ya Chumvi Kesho

Mwandishi mmoja ametushauri sisi wa Kisii na Nyamira kwamba, ukishang'olewa gego la mwisho, usukutue papo hapo kwa maji moto ya chumvi. Hapana! Damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha kidonda. Ikitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu huzidi. Siku ya kwanza, funga barafu kwa kitambaa, weka shavuni dakika 20, pumzika, rudia. Saa 24 zikipita, ndipo usukutue taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Uji wa wimbi uache upoe, unywe kwa kijiko, si kwa mrija. Sigara usiguse. Uvimbe ukizidi baada ya siku ya 3, au homa ikipanda, mrudie daktari wa meno.