Fomu Ije Mwisho

Toleo hili linahusu ofisi za usimamizi wa miradi, na msimamo wetu tunautoa mapema: ofisi inayoanza kazi kwa kuchapa fomu imeanzia mwisho.

Wengi wa wasomaji wetu wa Kiboriloni na mitaa mingine ya Moshi wamewahi kukaa kwenye kamati za ujenzi wa shule. Utaratibu wa force akaunti wanaujua: kamati moja inanunua, nyingine inapokea, ya tatu inasimamia mafundi. Mwaka 2021, mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19 ulipogharamia madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa la sekondari likitengewa shilingi milioni 20, kazi ilikwenda hivyo. Ndani ya utaratibu huo mna sera moja yenye thamani kuliko makaratasi yote: aliyenunua saruji asiwe ndiye anayeihesabu ikishushwa. Fomu ya mapokezi ni ushahidi tu kwamba sera imefuatwa. Ikisainiwa jioni na watu ambao hata lori hawakuliona, fomu imekamilika na sera imekufa.

Huko juu mlimani, mifereji ya Wachaga ilidumu vizazi kwa vizazi bila karatasi. Kiongozi wa mfereji alijulikana, zamu za maji zilijulikana, na asiyetokea siku ya kusafisha alitozwa faini. Sera ilikuwepo na mchakato ulikuwepo. Fomu haikuhitajika, maana watu walifahamiana na walizeekea palepale.

Ofisi zetu haziko hivyo. Mhandisi anahamishwa, mtunza stoo anabadilishwa, mwenyekiti wa kamati anamaliza muda wake. Hapo ndipo fomu inapopata kazi: kumweleza mtu ambaye hakuwepo ni nini kiliamuliwa, na nani, kwa sababu gani. Kwa kipimo hicho, ripoti nene isiyosema nani aliidhinisha ramani ibadilishwe haina faida. Daftari la stoo lililojazwa kila siku linayo.

Kwa hiyo tunaiomba kila ofisi inayoandaa mwongozo wake ianze na madaraka. Nani anaanzisha mradi? Nani anaidhinisha nyongeza ya gharama, na hadi kiasi gani? Nani anaweza kuusimamisha? Hili la mwisho ndilo linalokwepwa zaidi, kwa kuwa linagusa heshima za watu, na ndilo tulilowabana waandishi wa toleo hili walijibu bila kuzunguka.