GOFU VISIWANI ISIWE YA WAGENI PEKE YAO

Imezoeleka hapa Visiwani kwamba likitajwa neno gofu, mwananchi wa kawaida hujiweka kando. Huuhesabu kuwa mchezo wa wenye nacho, unaochezwa nyuma ya ukuta wa hoteli, na kwamba nafasi yake yeye ni kukata majani au kubeba mkoba wa fimbo. Sisi tunaona kwamba dhana hiyo haina budi kuondolewa, na wa kwanza kuiondoa wawe wale waliokabidhiwa dhamana ya ardhi na utalii.

Dhana yenyewe ina asili yake. Wakati wa ukoloni gofu ilichezwa katika viwanja vya Mnazi Mmoja, na waliocheza ni watawala na wageni wao. Hata hivyo, kandanda nayo ililetwa na wageni hao hao, na wenyeji wakaichukua wakaifanya yao. Kilichoitenga gofu si uhaba wa vipaji, bali ni gharama na mlango. Kandanda ilihitaji mpira mmoja na uwanja ulio wazi, gofu ilifungiwa.

Gharama hizo zinaweza kupunguzwa, na njia iliyo bora ni uwanja mfupi wa mashimo tisa. Sheria za mchezo zinakataza kuchukua fimbo zaidi ya 14, lakini hazimlazimishi mtu kuzifikisha. Katika uwanja mfupi wenye vilima, fimbo tano au sita zilizokwisha kutumika zinatosha, kwa kuwa kinachotakiwa hapo ni shabaha na kuupima mwinuko na upepo, wala si kupiga mbali. Anayekwenda kwa miguu hana haja ya kukodi kigari, na vilima humpa zoezi ambalo tajiri hulilipia. Severiano Ballesteros wa Hispania, aliyeshinda mashindano makuu ya Uingereza mwaka 1979, alijifunza utotoni kwa fimbo moja tu, akipiga juu ya mchanga wa pwani ya kijiji chao. Pwani sisi tunazo.

Wala uwanja mfupi si uwanja duni. Katika kisiwa cha Arran, huko Scotland, uwanja wa Shiskine una mashimo 12 tu. Zamani ulikuwa na 18, lakini yale ya kilimani yaliachwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hadi leo wapenzi wa gofu huvuka bahari kwenda kuucheza.

Hapa Unguja tayari upo uwanja wa mashimo tisa katika hoteli moja ya mwambao wa magharibi, kaskazini ya Mji. Idadi ya watalii kwa mwaka imeshapita laki sita tangu mwaka 2023, na macho ya wawekezaji sasa yanaelekea Pemba, kisiwa cha vilima na mabonde. Huko ndiko hadhari inakotakiwa zaidi. Uwanja wa mashimo 18 huhitaji kiasi cha hekta 50, yaani zaidi ya eka 120. Kwa kipimo cha eka tatu tatu zilizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, hiyo ni ardhi ya familia 40. Vilima vya Pemba ni vya mikarafuu na mabonde yake ni ya mpunga. Akitokea wa kuomba uwanja wa gofu huko, na aoneshwe uwanja mfupi.

Yapo pia maji. Maji yetu matamu yamekaa chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi, na yakivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Utafiti wa taasisi ya Tourism Concern ya Uingereza, uliotolewa mwaka 2012 baada ya kuchunguza Kiwengwa, Nungwi na Jambiani, ulionesha kwamba mkaazi alitumia wastani wa lita 93 kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilifikia lita 3,195. Kuongeza juu ya hayo majani ya kunyweshewa maji ya visima vya kijiji ni dhulma. Uwanja unyweshewe maji yaliyokwisha kutumika hotelini na kusafishwa, na yapandwe majani yanayostahimili chumvi.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika waweke masharti haya ndani ya mikataba ya kukodisha ardhi, wala si katika hotuba. Mkaazi mwenye kitambulisho awe na ada yake maalumu, inayolingana na kipato chake. Ziwepo saa za jioni na siku za skuli ambazo watoto wa vijiji vya jirani watafundishwa bila ya malipo. Ziwepo fimbo za kukodi kwa bei nafuu. Kijana anayebeba mkoba asiishie kubeba. Aruhusiwe naye kucheza.

Hatusemi kwamba gofu itangulie hospitali au skuli. Tunachosema ni kwamba ardhi inayokodishwa ni mali ya umma, na mwenye mali hapaswi kuchungulia uani kwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama mgeni akija mwenyeji anafungiwa mlango, basi methali yetu tumeigeuza wenyewe.