Jalada la Kidijitali Litunze Jasho la Mwalimu

Kupitia Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), walimu hujifunza pamoja shuleni na katika vituo vya walimu, huku Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ikiweka moduli mtandaoni. Tathmini ya utumishi nayo imetoka kwenye fomu za OPRAS na kuhamia PEPMIS. Hata hivyo, alama za utendaji pekee hazionyeshi jinsi mwalimu alivyoboresha ufundishaji wake.

Jalada la kidijitali lenye maandalio ya somo, zana na kazi za wanafunzi lingeziba pengo hilo. Kwa mwalimu wa Guta, wilayani Bunda, ushahidi huo ungemfuata hata akihamishwa. Litafaa iwapo litajazwa kwa simu, bila kutegemea intaneti wakati wote, wala kumwondoa mwalimu darasani.