Uzembe si Ajali

Methali ni hazina ya watu, lakini hazina nayo yaweza kuangukia mikononi mwa mdhalimu. Methali isemayo kwamba ajali haina kinga imegeuzwa kuwa ngao ya wazembe. Wanaoumia kwa mageuzi hayo ni wengi, na sisi tunaojidai kuwa walinzi wa lugha tumenyamaza.

Tazama Tunduma. Mji huu ni mlango wa Tanzania na Zambia, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita katikati yake, na malori yenye shehena za Zambia na Kongo hupanga foleni humo. Mbali na hayo, fuso na kirikuu huingia vichochoroni kuwapelekea wenye maduka saruji, unga na soda. Dereva mwenye haraka hurudi nyuma bila utingo wa kumwongoza. Ukuta wa mjane huanguka, au kibanda cha muuza nguo hukunjwa kama karatasi. Watu hukusanyika, na mmoja wao husema, "Ajali haina kinga, tumalizane hapa hapa." Dereva hutoa noti mbili tatu, huziita kifuta machozi, kisha huondoka. Kesho yake mjane hununua matofali kwa fedha aliyoiweka kwa karo ya mtoto.

Dhuluma hii imetendwa kwa maneno mawili. La kwanza ni ajali. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale ni muda uliokadiriwa, hasa mwisho wa uhai wa mtu. Kwa maana hiyo methali yanena juu ya kadari, ambayo hapana binadamu awezaye kuizuia. Hainena juu ya breki isiyokaguliwa, wala juu ya kioo ambacho dereva hakukitazama. Kinga ya mambo hayo ipo, nayo ni uangalifu. Mtu aliyekuwa na kinga mkononi akaacha kuitumia hawezi kumsingizia Mwenyezi Mungu.

Neno la pili ni kifuta machozi. Machozi hufutwa kwa hisani, na mwenye kutoa hisani hupima mwenyewe kiasi chake, kisha hushukuriwa. Fidia ni haki. Kipimo chake ni hasara iliyotokea, na mwenye kuilipa hana shukrani ya kudai. Wala fidia si faini. Faini anayotozwa dereva huingia katika mfuko wa serikali, haisimamishi ukuta wa mtu.

Watu husema, "Mwachie, dereva ni maskini." Huruma hiyo ni njema, ila imepotea njia. Madereva wenyewe humwita mwenye gari "tajiri", na jina hilo lingetosha kutuonyesha pa kupeleka dai. Sheria yetu imepokea kanuni kwamba mwajiri hujibu kosa la mtumishi wake alilolitenda katika kazi aliyotumwa. Mkulima wa Mbozi hahitaji wakili ili aielewe kanuni hii: ng'ombe wakila mahindi yake, humwendea mwenye ng'ombe, hamkamui mtoto mchungaji.

Wengine hujibu kwamba mahakama ni mbali na gharama yake huushinda ukuta wenyewe. Hoja hii ina uzito, lakini dai lenye ushahidi laweza kumalizika kabla ya kufika mahakamani. Basi kabla gari halijaondoka na lipigwe picha, namba yake na bima yake ziandikwe, mashahidi watajwe, mwenyekiti wa mtaa na polisi wa usalama barabarani waitwe. Fundi apime hasara kwa maandishi, na barua ya madai ipelekwe kwa mwenye gari na kwa kampuni ya bima. Hati ya bima isomwe kwa makini, kwa maana Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, katika kulazimisha bima imetazama kifo na majeraha ya watu. Kinga ya mali hutegemea hati yenyewe. Hata bima ikikosekana, deni la mwenye gari halifutiki. Gari likiwa la Zambia, dereva aulizwe Kadi ya Njano, kwa kuwa Tanzania, ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, imebaki katika mpango huo wa bima. Kampuni ikikaidi, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini mdai asilale: Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 yampa miaka 3 tu kufungua shauri la madhara ya namna hii.

Msomaji wa chuo aweza kuuliza haya yamhusu nini. Yamhusu sana. Barua ya madai huandikwa na mwenye kujua kuandika, na mjane wa Tunduma hana karani. Mwanafunzi arudiye likizo Vwawa au Mlowo, akiwa na insha nzuri kichwani juu ya methali za wahenga, na aketi na jirani yake aiandike barua hiyo moja. Na penye umati akisikia ikisemwa kwamba ajali haina kinga, asiitikie kwa kichwa. Aulize kwa adabu gari ni la nani.