Kaa wa Kibiti wanahusika

Mwandishi aliyedai kwamba kubadili kwa mwanga kiwango cha asidi kinachoizunguka protini ni anasa ya maabara za Ulaya, isiyomhusu mvuvi wa delta ya Rufiji, hajamtazama kaa anayeshushwa Nyamisati, wilayani Kibiti.

Kaa wa mikoko husafirisha oksijeni kwa himosianini, protini yenye shaba. Ikibeba oksijeni huwa buluu, ikiitua hupauka. Asidi ikizidi damuni, protini hiyo hulegeza mshiko wake. Na kaa aliyefungwa magando, akarundikwa kapuni nje ya maji, damu yake huongezeka asidi.

Mwandishi huyo anasema mtafiti atie tone la asidi, akoroge, apime. Hapo ndipo alipokosea. Hata mashine za kuchanganya kwa kasi huchukua takriban sehemu ya elfu ya sekunde, na hatua nyingi za protini hupita kabla ya hapo. Ukipima baada ya kukoroga, umekuta ngoma imekwisha. Lakini kemikali iitwayo ortho-nitrobenzaldehaidi ikipigwa mwale wa leza ya urujuanimno huachia protoni, yaani asidi yenyewe, ndani ya sehemu chache za bilioni ya sekunde.

Kweli, mwale huo unaweza kuidhuru protini, na kemikali hiyo hairejei ilivyokuwa. Kemikali nyingine, pairanini, huachia protoni kisha huirudisha.

Wala asidi si ngeni kwenye delta. Udongo wa mikoko huwa na pairaiti. Ukikaushwa, hewa huigeuza kuwa asidi ya salfa, na mikoko ya Rufiji imekatwa miaka mingi kupisha mpunga. Mwandishi atuonyeshe kijiko cha kukorogea kitakachoona mwanzo wa badiliko ambalo asidi huleta ndani ya himosianini.