Dozi ya methadoni isimnyime mgonjwa riziki yake

Ikiwa unaishi kisiwani Mombasa, na hasa Mji wa Kale, huna haja ya kuelezwa unga ni nini. Unawajua vijana waliopotelea humo. Pengine mmoja wao ni mwana wa jirani yako, au wako. Leo nataka kuwazungumzia wale walioamua kuuacha, na kanuni ambazo huwafanya baadhi yao waurudie.

Mgonjwa wangu mmoja, mvuvi wa makamo, alitumia heroini kwa miaka mingi. Alipoanza kunywa methadoni alipata afya, akarudi kwa mkewe, akarudi baharini. Hapo ndipo shida ilipoanza. Dozi alipewa kliniki asubuhi, na chombo chao hukaa nje siku kadhaa. Akienda kuvua anakosa dozi. Akifuata dozi anakosa riziki. Mwishowe alichagua bahari, na haukupita mwezi akawa amerudi kwa muuza unga. Alinijia akitetemeka kwa arosto, akaniuliza: "Daktari, kwani wewe huwezi kuniandikia?"

Nilimjibu kuwa siwezi. Huenda nawe ukajiuliza kwa nini.

Methadoni ni ya jamii moja na mofini. Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, ndiyo sababu mraibu huitafuta mara kadhaa kwa siku. Methadoni hukaa mwilini siku nzima na zaidi, hivyo dozi moja humwondolea arosto na, kipimo kikiwa sawa, haimlevyi. Wako wasemao kwamba huku ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sikubaliani nao. Mwenye kisukari hutumia insulini kila siku na hatumwiti mlevi. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2005.

Hapa Kenya matibabu haya yalianza mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, yakafika Malindi mwaka wa 2015, na baadaye Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Methadoni ya uraibu hutolewa katika kliniki zilizoidhinishwa, si katika chumba cha daktari kama mimi, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Akikosa siku kadhaa mfululizo, kipimo hupunguzwa au huanzwa upya, kwa sababu mwili huwa umepoteza mazoea na kipimo cha zamani kinaweza kumuua.

Kanuni hizi zina sababu. Kikombe kinachomtuliza mraibu kinaweza kumuua mtoto, na dawa ikitoka ovyo itauzwa vichochoroni. Kwa mgonjwa wa wiki za mwanzo, naziunga mkono kikamilifu.

Lakini je, aliyetulia mwaka mzima, vipimo vya mkojo wake ni safi na ana kazi? Huyu naye lazima apange foleni kila siku kama aliyeanza jana? Fikiria pia mwezi wa Ramadhani. Dozi ya mchana hufunguza saumu. Dini imemruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye, lakini matibabu haya huchukua miaka, atailipa lini? Akiwa na dozi yake nyumbani, angeinywa baada ya futari.

Wenzetu wamejaribu. Ufaransa iliwaruhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini, dawa nyingine ya uraibu, kuanzia 1996, na katika miaka michache vifo vya kuzidisha heroini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Marekani, wakati wa korona mwaka wa 2020, iliruhusu waliotulia kupewa methadoni ya hadi siku 28, na mwaka wa 2024 ruhusa hiyo ikafanywa ya kudumu.

Siombi siku 28. Naomba Wizara ya Afya na serikali ya kaunti zianze na dozi ya siku mbili au tatu kwa aliyetulia, katika chupa ambayo mtoto hawezi kuifungua, pamoja na sanduku lenye kufuli. Akiuza dawa, arudishwe foleni. Na zahanati za kisiwani zipewe mafunzo na ruhusa ya kunywesha wagonjwa walio karibu nazo.

Nawe msomaji, ikiwa nduguyo yuko kwenye methadoni, usimcheke wala usimhimize aiache ghafla. Muulize amekunywa leo, na kama hakupata nauli, msaidie. Mvuvi wangu ameanza tena kliniki, kwa kipimo cha chini. Bahari ameiacha kwa sasa, na mkewe ndiye anayekaanga mahamri ili nyumba ile.