Siku ya ubunifu kazini: wazo ni la nani?

Juzi mpwa wangu alinitumia picha ya tangazo lililobandikwa kazini kwao, kampuni kubwa tu hapa Mombasa. Wafanyakazi wanaalikwa kwa "siku ya ubunifu". Siku nzima wataacha kazi zao za kawaida, wakae kwa makundi, kila kundi lije na wazo la kuboresha kazi, na washindi watapewa zawadi. Chini yake kuna maandishi madogo: wanaoalikwa ni wenye mkataba wa kudumu, na kila wazo litakalotolewa ni mali ya kampuni. Swali lake lilikuwa fupi: "Mjomba, nitoe wazo langu ama ninyamaze?"

Sikumjibu mara moja, kwa sababu jambo hili limenipitia mwenyewe.

Mtindo huu si mbaya, tuseme ukweli. Atlassian, kampuni ya programu za kompyuta kutoka Sydney, Australia, iliuanza mwaka 2005. Wafanyakazi walipewa saa 24 washughulikie chochote wanachotaka, mradi si kazi yao ya kila siku, na muda ukiisha waonyeshe walichotengeneza. Mwanzoni siku hiyo waliipa jina la FedEx, wale wasafirishaji wa vifurushi, kwa sababu mzigo ulitakiwa ufike kesho yake.

Lakini mawazo mengi hayafiki kesho yake. Mwaka 1968 Spencer Silver, mtafiti wa 3M ya Marekani, alipata gundi dhaifu ambayo hakuna aliyejua ni ya nini. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, aliyekuwa akiimba kwaya na kuudhika vipande vya karatasi vikimwanguka kutoka kitabuni, akaikumbuka gundi ile. Vikaratasi vya Post-it vikaanza kuuzwa kote Marekani mwaka 1980. Hesabu mwenyewe, ni miaka kumi na miwili. Kampuni ile ilikuwa na desturi ya kuwaachia watafiti sehemu ya muda wao wa kazi, na ndiyo maana wazo halikufa njiani.

Nao Toyota walianza mpango wa mapendekezo mwaka 1951, na hawakuwatafuta wasomi peke yao. Hata fundi anayefunga nati kiwandani anaandika pendekezo lake, linajibiwa, na likifaa analipwa kitu. Hapo kwenye kujibiwa ndipo kampuni zetu nyingi zinapokwama.

Sasa niseme yangu. Miaka ya nyuma, diploma yangu mkononi, nilikuwa karani kwenye yadi moja ya makontena. Ikaja siku kama hii. Fulana mpya, pilau, majaji wametoka Nairobi. Wasimamizi hata walikumbuka kutuachia nafasi ya sala ya Ijumaa, hilo nawashukuru. Wazo nililotoa lilikuwa kwamba malori yanayorudisha makontena matupu yasipange foleni moja na yanayokuja kuchukua mzigo, kwa sababu hati zao hazifanani na moja humchelewesha mwenziwe. Tukashika nafasi ya pili. Nikapewa vocha ya dukani, nikapigwa picha.

Wazo halikuwa langu. Aliniambia mzee mmoja kibarua, aliyesimama pale getini miaka mingi akiyaelekeza malori, akila vumbi na matusi ya matanboi. Yeye hakualikwa. Siku ile alikuwa pale pale getini, na harufu ya pilau ilimfikia. Sikulitaja jina lake mbele ya majaji. Nilijiambia hakuna atakayejali kibarua alisema nini. Baada ya miezi kadhaa foleni ziligawanywa mbili kweli, lakini mzee alikuwa ameshaambiwa kazi imepungua. Wazo la mtu ni amana, na mimi ile sikuifikisha. Nilimtafuta baadaye, sikumpata.

Ukiuliza sheria, ipo, ila haifiki getini. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inasema uvumbuzi uliofanywa ndani ya mkataba wa ajira ni haki ya mwajiri, kama hamkuandikiana vingine. Aliyevumbua kwa kutumia vifaa vya kazini, na hakuajiriwa kuvumbua, anastahili malipo ya haki. Lakini hayo ni ya uvumbuzi unaoweza kupewa hataza, na kugawa foleni hakupewi hataza. Wazo kama lile la mzee linabaki mikononi mwa muungwana au asiye muungwana.

Kwa hivyo kampuni inayotaka siku hii iwe kazi, isiwe karamu, ingeanza kwa kufungua geti. Vibarua, madereva, wanaofagia na wanaojibu simu waingie, na siku hiyo walipwe ujira wao kamili, maana kibarua asiyefanya kazi leo hali leo. Wakuu waseme mapema nani atayasoma mawazo na majibu yatatoka lini, hata kama jibu ni hapana. Na fedha ya kujaribu wazo moja au mawili iwe imetengwa kabla ya fulana kuchapishwa.

Mpwa wangu nilimwambia atoe wazo, asilifiche, lakini aandike majina ya wote waliomwonyesha tatizo lile, hata kama hawana mkataba. Jioni akanirudia: fomu ina nafasi ya jina moja tu. Nikamwambia mengine ayaandike nyuma ya karatasi.